Ampli ya Mjomba

2 Februari

Mjomba wangu, shikamoo.

Mimi mzima, isipokuwa vidole, ambavyo siku hizi havitulii hata nikiwa nakula. Vinagonga meza, vinagonga goti, juzi vilimgonga mgongoni mama mmoja kwenye foleni ya benki, akageuka akaniuliza tunajuana wapi. Wewe je? Kifua kimepungua? Mama ananiambia bado unavuta moshi wa kulehemu umejifungia karakanani. Redio za watu zitengenezee nje, kwenye hewa. Simu sikupigii, maana utaikata katikati kama kawaida yako. Fundi mzima unaogopa kipande cha simu!

Sasa sikiliza. Nimepata bendi. Si ile ya kupiga nyimbo mbili halafu tunaambiwa tupishe keki ikatwe. Bendi yenyewe, ina wapulizaji wawili na mpiga besi aliyekula chumvi nyingi. Mpiga gita la solo wao amehama, wamenijaribu mara tatu, na sasa wamenipa onyesho moja: Jumapili tarehe 16 Machi, saa tisa mchana, kwenye ukumbi wa klabu. Nikifaulu hapo, nafasi ni yangu. Nikiboronga, nabaki kiwandani nikikata karatasi za madaftari mpaka ninyauke.

Tatizo ni ampli. Ile ya klabu inatoa sauti ya nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Juzi nilipiga lile pigo lako la kuvuta waya mpaka ulie. Haukulia, ulikohoa.

Naomba ya kwako. Ile ya valvu. Najua hujawahi kumwazima mtu. Najua mama, dada yako wa tumbo moja, hukumruhusu kuweka hata kikombe juu yake. Lakini mimi ndiye niliyekaa sakafuni karakanani kwako tangu nina miaka tisa, nikitazama vile vichupa vya kioo vikipata moto na kuwaka rangi ya chungwa, na wewe ndiye uliyesema sauti ya valvu ina nyama. Siku hiyo nataka nyama. Siku moja tu, Mjomba.

Mpwa wako,
Kidole


11 Februari

Kidole,

Marahaba. Kifua ni changu, mwambie mama yako achunge cha kwake. Mambo mengine yanakwenda, ila miguu inanisumbua kwa kutotulia, na sababu ni wewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Nikakataa. Nikatoka, nikaenda mpaka stendi ya mabasi bila shughuli yoyote, nikarudi, nikakubali. Wakati wa kunawa mikono nikakataa tena. Sasa hivi ninapoandika nimekubali, kwa hiyo mzigo naupeleka kwa dereva wa basi kesho asubuhi kabla sijageuka. Masanduku ni mawili: dogo zito ndiyo ampli yenyewe, kubwa ndiyo spika yake.

Shika haya. Kabla ya chochote, chomeka waya wa spika. Ukishachomeka uvute kidogo uone umeshika. Ampli ya valvu ukiipiga bila spika inajila yenyewe. Nguvu inakosa pa kutokea, transfoma inaungua, na transfoma ya namna hiyo hutaipata dukani hata ukilia damu. Mimi iliniungulia mbele ya watu, miaka ishirini na miwili iliyopita. Sababu yake ni mtu, na huyo mtu sitaki kumtaja. Nilikaa miezi minane nikiisuka upya kwa mkono, waya wa shaba mwembamba kama unywele, mzunguko kwa mzunguko.

Ukishahakikisha spika, washa swichi ya kwanza, ungoje dakika mbili valvu zipate moto. Ndipo uwashe ya pili. Usiwe na papara. Najua umezaliwa nayo upande wa baba yako, lakini jizuie.

Halafu jambo moja. Umetaja wapulizaji, umetaja mpiga besi. Jina la bendi hukulitaja. Mbona?

Mjomba wako,
Fundi


23 Februari

Mjomba, shikamoo tena, na tena, na tena.

Umeamkaje? Mimi siamki kwa sababu silali. Mzigo umefika salama. Dereva anasema ulimtisha mpaka aliogopa kupiga breki.

Nilifanya kama ulivyosema. Nikachomeka waya wa spika, nikauvuta, ukashika. Nikawasha ya kwanza, nikangoja dakika mbili nikizunguka jukwaani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mpiga ngoma akasema, "Dada, hiyo ni ampli au jiko? Tunasubiri ichemke?" Nikawasha ya pili. Nikagusa waya mmoja tu.

Mjomba! Mpiga ngoma aliweka vijiti chini. Sauti ilitoka nene, ikajaa ukumbi taratibu. Nikikaza mkono inakwaruza kwa utamu, nikilegeza inarudi laini. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Wapulizaji wakaacha kubishana habari za mpira, na wale hawajawahi kuacha.

Sasa sina pa kujishika. Kiwandani nimekata madaftari mia mbili upande upande, msimamizi amenipa onyo la pili. Nikirudi chumbani napiga gita bila ampli mpaka jirani agonge ukuta. Nahamia kwenye ngazi, mwenye nyumba ananifukuza. Narudi chumbani, nakaa, nasimama, nakaa.

Umeuliza jina la bendi. Bado wanabishana walibadilishe au waliache. Wakikubaliana nitakuandikia.

Mpwa wako mwenye roho juu juu,
Kidole


4 Machi

Kidole,

Leo salamu hakuna. Shikamoo yako kaa nayo.

Jana dereva alikuja kuchukua redio yake. Nikamuuliza kwa nia njema kabisa, mzigo wangu alimkabidhi nani. Akasema: mzee mrefu, anachechemea mguu wa kulia, anapiga besi, wanamwita Jenerali. Kwamba aliweka kiganja juu ya ampli, kisha akauliza, "Mwenyewe yuko hai?" Yuko hai! Mwambie yuko hai na meno yote anayo!

Na wewe ulijua. Usinidanganye mara ya pili. Eti bendi inabishania jina! Bendi ile ina jina lile lile tangu mimi nina kiuno, na jina hilo nililichora mimi, kwa brashi, kwenye ngoma kubwa.

Kwa kuwa umejitia ujinga, ngoja nikueleze. Ukumbi ulijaa, mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Nimepanda jukwaani, nimewasha, nimepiga: kimya. Nimeongeza sauti: kimya. Halafu harufu ya kuungua. Kuangalia, waya wa spika umechomolewa, na aliyekuwa upande ule ni Jenerali peke yake. Wiki mbili nzima watu walikuwa wanaliita jina langu, yeye kiongozi haitwi. Jumlisha mwenyewe. Nikamwambia mbele ya bendi nzima na mbele ya watu waliojaa kwamba ana kijicho na ni msaliti. Nikashuka jukwaani. Sijapanda tena mpaka leo. Mikono yangu ikawa ya redio za watu.

Leo mtoto niliyemfundisha kushika gita ndiye anayembebea mtu huyo ampli ile ile mpaka miguuni kwake. Afadhali ungeniibia.

Nakuja mwenyewe tarehe 16 kwa basi la asubuhi kuichukua. Nikikuta unapiga, naichukua katikati ya wimbo, na watu watazame.

Mjomba wako bado, kwa bahati mbaya


9 Machi

Mjomba, shikamoo. Ukitaka usiitikie.

Sikuulizi afya, najua hasira huwa zinakupa nguvu.

Nilijua. Nilijua siku ya kwanza, nilipoiona ile ngoma kubwa na mwandiko wako, ile herufi ya mwisho yenye mkia. Nilikuficha kwa sababu ungesema hapana, na mimi nilitaka kuambiwa ndiyo. Nimekosa. Naomba radhi, na siweki "lakini" hapa.

Ila kuna jambo lazima nikuandikie. Nilimfuata Jenerali nikamuuliza. Alikuwa anafuta besi yake kwa kitambaa. Hakuinua macho. Akasema, "Ni mimi niliyeuchomoa." Nilitafuta kiti cha kumrushia. Akaendelea: paa lilikuwa linavuja juu ya spika yako. Akachomoa waya ili aisogeze pakavu. Kabla hajaurudisha akaitwa mlangoni, watu wanasukumana. Aliporudi, umeshawasha. Anasema alitaka kukueleza pale pale, ukamzima kwa matusi. Anasema alikuja nyumbani kwako mara mbili na mlango haukufunguliwa. Ni kweli alikuja?

Sijui nimwamini nani. Wewe umenilea, yeye nimemjua wiki sita. Ninachojua ni kwamba tangu mwaka ule hakuna aliyekusikia ukipiga isipokuwa mimi na mama na redio mbovu za watu, na inaniuma. Inaniuma sana, Mjomba.

Ampli sirudishi kabla ya onyesho. Nafasi hii nikiikosa haitanirudia, na kwa ile ampli ya klabu nitaikosa. Ukija, njoo. Utakuta nimeshaiwasha.

Mpwa wako, umtake usimtake,
Kidole


18 Machi

Mjomba, shikamoo.

Ulifika salama? Mkono hujambo? Nauliza mkono kwanza kwa sababu niliona.

Nimesubiri siku mbili nikidhani utatuma hata neno kwa dereva. Wapi! Basi naandika mimi, na leo nina hasira, nivumilie.

Ulinipita. Saa tisa kasoro dakika tano ulipanda ngazi za jukwaa umevaa lile koti la kaki, watu wamejaa mpaka mlangoni, nikakuita "Mjomba," ukanipita kama nguzo. Ukaenda moja kwa moja kwenye ampli, ukashika mpini wake. Kisha ukaweka kiganja nyuma yake, ukakitoa haraka. Ilikuwa imewaka dakika ishirini. Na wewe kuliko mtu yeyote ndiye unayejua kwamba valvu za moto hazibebwi, maana nyuzi zake za ndani zimelegea kwa joto, ukizitikisa zinakatika. Ulisimama unaitazama. Ukaniangalia mimi kwa jicho baya. Halafu ukavuta kreti la soda, ukakaa nyuma yake, ukakunja mikono kama mtu anayesubiri chai ipoe. Na mpiga ngoma akahesabu nne.

Ningefanyaje? Nilipiga. Ampli haiwezi kupoa huku inapigwa, kwa hiyo ikabidi usikilize.

Wimbo wa kwanza niliupiga kwa woga, wa pili kwa hasira. Wa tatu ndio wenye solo ndefu, ndio walionipimia. Nimefika katikati, ampli ikaanza kukwaruza vibaya, kra, kra, sauti inakuja inakatika. Nikajua valvu moja imecheza mahali pake. Watu wa mbele wakaanza kutazamana. Jenerali akaninong'oneza niache, wapulizaji wachukue. Nikageuka, nikakuona umetoa leso, umeingiza mkono kwa nyuma, umeikamata ile valvu inayowaka na kuikandamiza kwenye tundu lake. Sauti ikarudi yote.

Na hukuiachia! Solo ile ni mizunguko minane. Niliivuta mpaka kumi na sita kwa sababu nilikuwa nimepandwa na wazimu, nawe uliishika muda wote, jasho linakutiririka, uso umeukunja. Sijawahi kupiga hivyo. Watu walisimama. Walikuwa wananishangilia mimi, lakini nusu ya sauti ile ilikuwa mkono wako, na sikuwa na namna ya kuwaambia.

Onyesho likaisha. Ukaizima, ukangoja ipoe. Jenerali akaja akasimama mbele yako, akanyoosha mkono. Ukautazama. Ukachomoa waya wa spika, ukaitia ampli begani, ukaondoka. Mimi hukuniaga. Hukuniambia hata kwamba nimepiga vibaya.

Nafasi nimepewa, kama unataka kujua. Nimepewa, nikaenda kulia nyuma ya klabu, kwa sababu mtu niliyetaka anisikie alikuwa amekimbilia basi.

Spika yako umeiacha.

Kidole


29 Machi

Kidole, mpwa wangu,

Marahaba, zote ulizokuwa unanidai. Vidole viwili vilipata malengelenge, vinapona. Usijivimbishe kichwa, nilishika valvu kwa ajili ya valvu. Huo nao ni uongo, lakini niachie.

Sikai. Nafungua redio ya mtu, naiacha wazi, nafungua nyingine. Meza imejaa redio zilizopasuliwa matumbo na wenyewe wameanza kuja juu. Ampli iko rafuni. Siwezi kuiwasha, spika yake iko huko kwenu. Nimekwenda stendi mara tano wiki hii, na sina ninakosafiri.

Ulipiga vizuri. Nilitaka kukuambia pale pale, nikakimbilia basi. Kwenye mzunguko wa kumi na mbili ulichelewesha noti moja, nikasema huyu kapotea, kumbe unatuchezea. Mimi katika ujana wangu wote sikuwa na ujasiri huo. Haya, nimesema.

Sasa lile jingine, na hili ndilo linalonizungusha.

Siku ile ya mvua, kabla sijawasha swichi ya pili, niliuona waya. Niliuona kwa macho yangu haya. Ncha yake ilikuwa sakafuni, hatua mbili kutoka nilipokuwa. Nikajisemea ni waya wa maiki. Sikuinama kuangalia, kwa sababu watu walikuwa wanaliita jina langu na nilitaka waliite tena. Nikawasha. Yeye aliuchomoa, ni kweli, lakini kilichoungua nilikiunguza mimi. Moshi haujaisha, nikawa nimeshapata wa kumtwika. Nikamwita msaliti mbele ya watu, na nilipokuwa namwita hivyo nilijua.

Alikuja nyumbani. Si mara mbili, mara tatu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango nasikia anavyohema. Ningefungua ningelazimika kusema, na sikutaka kusema. Nimekaa na hili miaka ishirini na miwili, Kidole. Nimelichoka.

Nimemwandikia barua nne, zote nne nimezichana. Halafu nikaona kosa liko wapi: kumwomba radhi pembeni hakutoshi, maana mimi sikumtukana pembeni. Kwa hiyo nakuomba. Siku ya mazoezi, wakiwa wamekaa wote, hata huyo mpiga ngoma wako mwenye mdomo, wasomee kuanzia "Siku ile ya mvua" mpaka "Nimelichoka". Kwa sauti. Usipunguze neno. Ukimaliza usimtazame usoni, anza kupiga.

Sisemi anisamehe. Hilo ni lake.

Mjomba wako


7 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini vidole vimekauka. Mimi jana nililala, usingizi wa kweli, wa kwanza tangu Februari. Naandika haraka, dereva ananipigia honi hapa nje.

Nimesoma. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, wote sita wapo. Sikupunguza neno. Nilipomaliza sikumtazama Jenerali, nikaanza kupiga kama ulivyosema, na wenzangu wakaingia mmoja mmoja.

Mjomba, alikosea kila wimbo. Jenerali, ambaye humtoa mtu mazoezini kwa noti moja! Aliingia mapema, akasahau pa kubadilisha, akapiga wimbo mwingine kabisa, na hakuna aliyethubutu kumwangalia. Wimbo wa nne akaacha katikati, akaiegemeza besi ukutani, akatoka uani. Alikaa huko muda mrefu. Mpiga ngoma alitaka kumfuata, nikamshika mkono.

Aliporudi alikuwa amenawa uso. Hakutaja jina lako. Alichukua ule waya wa spika akaanza kuukunja polepole, mzunguko juu ya mzunguko, akaufunga kwa kamba. Kisha akaniuliza basi la kuja kwenu linaondoka saa ngapi, na kama mzee mwenye mguu mbovu ataruhusiwa kukaa mbele na spika kubwa.

Nimemwambia Alhamisi, saa moja asubuhi. Atakuwa kwako kabla ya saa saba.

Fungua mlango, Mjomba.

Mpwa wako,
Kidole